Mkono Usioachilia Bendera

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Peres ni kwamba mopu yake hailali chini. Wafanyakazi wengine wa usafi katika jengo letu la Upper Hill wakienda kunywa chai huziacha mopu zao popote zinapoangukia, maji yakitiririka kwenye vigae. Peres aliikamua yake, akaupangusa mpini kwa kitambaa, akaisimamisha kwenye kona ya ukuta, akapiga hatua mbili, kisha akageuka kuitazama tena kuhakikisha haitateleza. Ndipo akaondoka. Nilikuwa na wiki mbili tu tangu nije kujifunza kazi katika ghorofa ya tisa, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa amenipa kazi ya maana, nilipata nafasi ya kuona mambo kama hayo.

Makau, mlinzi anayekaa karibu na lifti akiandikisha wageni, alikuwa ameliona kabla yangu.

"Peres," alimwita siku moja, "hiyo mopu yako ni mgonjwa ama ni mgeni?"

"Ni mkubwa wako, Makau. Isalimie."

Nilimuuliza mwenyewe sababu. Alisema amezoea tu, madam. Nikamwambia asiniite madam, kwani mimi nimekuja kujifunza. "Basi, madam wa kujifunza," akasema, akaendelea kupangusa kioo. Ilichukua mwezi mzima kabla hajaniambia mengine.

Peres ana miaka ishirini na minne. Anaishi Kangemi, katika chumba kimoja nyuma ya soko, na kila Jumapili huvaa kanzu nyeupe yenye msalaba mwekundu kifuani na kutangulia mbele ya msafara wa kanisa lao, kanisa dogo la Roho lililojengwa kwa mabati. Nyuma yake huja ngoma, na nyuma ya ngoma huja waumini wakiimba. Yeye ndiye mshika bendera. Mama yake alikuwa mshika bendera kabla yake. Kuna sheria moja ambayo hata asiyejua kusoma kanisani mwao anaijua: bendera haigusi ardhi. Ikianguka, msafara wote husimama, ngoma hunyamaza, kila mtu hupiga magoti pale pale alipo, hata kama ni katikati ya barabara na magari yanapiga honi. Hakuna anayeinuka mpaka mzee wa bendera aje aiinue kwa mikono yake mwenyewe na kuanzisha wimbo. Kwa miaka kumi ambayo Peres ameishika, haijaanguka hata mara moja.

Sasa fikiria mtu wa namna hiyo akiwa ghorofa ya pili, kitambaa mkononi, anapangusa dirisha, na chini uani bendi inacheza. Ilikuwa mwezi wa Machi. Mpangaji mmoja wa jengo letu alikuwa akifungua ofisi mpya, akaialika Bendi ya Mwamba pamoja na kikosi chake cha bendera. Wasichana wanane walizungusha bendera za buluu na dhahabu, wakazipitisha mgongoni, wakazibadilisha mkono, kisha wote kwa pamoja wakazirusha juu, juu kabisa, hadi zikafika mbele ya macho ya Peres upande wa pili wa kioo.

"Nilikasirika," aliniambia. "Nilitaka kushuka niwaambie waache huo ujinga. Halafu zikashikwa. Zote nane, pap! Mara moja. Nikakuta nimelia na sijui ni kwa nini."

Wiki hiyo hiyo alimtafuta mkufunzi wa kikosi, mwanamke aitwaye Kavutha, akaelezwa masharti. Wasichana wanne walikuwa wakiondoka, hivyo kungekuwa na mchujo katikati ya Juni wa kujaza nafasi nne, na watakaochaguliwa wangekwenda mashindano ya bendi mjini Kisumu mwezi wa Agosti. Watakaojiandikisha wangepewa mazoezi ya Jumamosi tatu. Umri usizidi miaka ishirini na minne. Peres anatimiza ishirini na mitano Septemba. Kwa hiyo ni mwaka huu au basi.

Nilimuuliza kwa nini analitaka jambo hili kiasi hicho, na yeye tayari ni mshika bendera. Alifikiri kwanza. "Ile ya kanisa nilirithi," akasema. "Mama alikufa, nikapewa. Hakuna mtu aliyeniangalia akasema, wewe, tumekuona, njoo. Nataka kuchaguliwa mara moja tu."

Mazoezi yalifanyiwa katika uwanja wa shule moja huko Parklands, mwendo mfupi kutoka kwa shangazi yangu ninakoishi, hivyo aliniomba nimsindikize nimshikie mkoba. Walikuja wasichana thelathini na wanane. Wengi walikuwa na glavu na viatu laini, na walizungumza kama watu waliocheza bendera tangu shule ya msingi. Peres alikuja na raba zake za kazi.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Kavutha, mwanamke mfupi mwenye kipenga shingoni na sauti isiyohitaji kipenga, aliwapanga kwa mistari wakatembea na bendera wima. Hapo Peres alionekana. Wengine walikuwa wakiyumba kama nyasi. Ufito wa bendera yake ulisimama kama nguzo ya stima. Nilimwona Kavutha akimtazama mara mbili.

Kisha msichana wa mbele yake, Sahar, binti wa Parklands aliyekuwa ameuchomeka mtandio wake ndani ya fulana, akateleza kidogo na bendera yake ikaanguka. Sahar aliinama kuiokota. Peres akapiga magoti.

Alipiga magoti kabisa, yote mawili, kichwa chini na macho yamefumbwa, bendera yake ameikumbatia. Waliokuwa nyuma yake hawakuwa na habari. Wa kwanza alimgonga, wa pili akamwangukia wa kwanza, wa tatu akatumbukia juu yao na bendera yake ikamchoma wa nne ubavuni.

"Hii ni mazoezi ama ni matanga?" mmoja alipiga kelele kutoka chini ya rundo.

"Uko sawa? Umeumia?" Sahar alimuuliza Peres. Peres hakufumbua macho. Nadhani alikuwa akingoja wimbo.

Kavutha alifika. "Nani amekufa?"

"Bendera imeanguka, mwalimu."

"Nimeiona. Sasa?"

"Sasa tunangoja iinuliwe."

"Na nani?"

Peres alifumbua macho. Alitazama huku na huku uwanjani, akawaona wasichana thelathini na saba wakijifuta vumbi, wala hapakuwa na mzee wa bendera.

"Hapa," Kavutha akasema, si kwa ukali sana, "bendera ikianguka, mwenyewe anaiokota akiwa anacheza. Muziki haungojei mtu. Simama."

Walicheka, lakini hilo lingesahaulika. Lililofuata ndilo baya zaidi. Walipofika kwenye kurusha, Kavutha aliwafundisha kwa hesabu: moja, shusha, mbili, pandisha, tatu, achilia. Ilipofika tatu bendera thelathini na saba ziliruka, nyingine zikienda kombo, nyingine zikipigana hewani. Mkono wa Peres ulipanda mpaka mwisho, akasimama kwenye ncha za vidole, na bendera ikabaki mkononi. Wakarudia. Ikabaki. Mara ya sita yule wa matanga akamwambia, "Dada, hiyo gari imepita, ngoja ingine!" na uwanja mzima ukaangua kicheko, kwa maana kweli alifanana na mtu anayesimamisha gari.

Mwishoni Kavutha alimwita pembeni. Nilikuwa karibu, mkoba wake begani mwangu, nikasikia. "Mstari wako umenyooka kuliko wa hawa wote, na hilo siwezi kulifundisha kwa wiki tatu. Lakini kwenye mchujo unarusha mara tatu. Ukishika, vizuri. Ikianguka, nitaona unaiokota vipi. Asiyerusha simwandiki, hata awe nani."

Jumamosi ya pili ilikuwa vile vile. Ya tatu hakwenda kabisa, kwani msimamizi wa usafi alimpangia zamu na hakutaka kusikia maneno. Hivyo mafunzo yake yote yalikuwa asubuhi mbili.

Ndipo tulipoanza kutumia saa ya chakula cha mchana. Alichukua mpini wa alumini wa mopu iliyotupwa, akatia bolti kila mwisho ili upate uzito, akafunga utepe mweusi wa mafundi wa stima, na fundi wa nguo wa Kangemi akamshonea bendera kutoka kipande cha pazia. Mwanzoni tulifanyia mazoezi chini kwenye maegesho ya magari. Huko alijifunza kuzungusha upesi ajabu, lakini dari iko karibu na kichwa na hakuna mahali pa kurusha. Nyumbani kwake kuna nyaya za stima na kamba za nguo. Kwa hiyo tukawa tunashuka haraka hadi kwenye bustani iliyo chini, ukivuka barabara kuelekea mjini, dakika kumi kwenda, dakika kumi kurudi, na katikati dakika ishirini na tano.

Wapiga picha wa bustanini walimzoea. "Siste, rusha basi! Tumeweka kamera juu tangu jana!" Mwingine akasema, "Mwacheni, anaogopa itakwenda na ndege." Peres aliwapa mgongo. Alihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Tatu ilifika na vidole vikakaza. Niliona mishipa ya mkono ikisimama. Nilikuwa nimesoma mahali fulani kuhusu namna mwili unavyojifunza, nikamweleza kwa kirefu. Alinisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza.

"Madam wa kujifunza," akasema, "wewe umesoma. Lakini acha nikuambie kitu."

Tuliketi kwenye nyasi. Aliniambia kuhusu Jumapili ambayo mama yake alitembea mara ya mwisho. Alikuwa mgonjwa wa moyo, na wazee walimsihi apumzike, akakataa. Msafara ulikuwa umetoka sokoni ukipanda kuelekea kanisani. Peres, mwenye miaka kumi na minne, alikuwa kando yake. Mama alisimama, akasema, "Shika hapa chini," Peres akashika ufito chini ya mkono wa mama, na mama akateremka taratibu kama mtu anayeketi. Bendera haikuanguka. Lakini mkono wa mama ulibaki umeufumbata ufito, hata alipokwisha kulala kwenye kanzu za watu, na ilibidi Peres avifungue vile vidole, kimoja kimoja, ili msafara uendelee.

"Kwa hiyo ukiniambia achilia," akasema, "mimi nakusikia. Mkono ndio hausikii."

Dakika zetu zilikuwa zimekwisha.

Siku mbili baadaye mambo yalizidi kuharibika. Mama mmoja wa kanisani mwao, anayeuza mahindi ya kuchoma karibu na ile bustani, alikuwa amemwona. Habari zilifika Kangemi kabla Peres hajafika. Mzee wa bendera wa kanisa lao ni Oyoo, kaka ya marehemu mama yake, seremala anayetengeneza vitanda kando ya soko. Alimwita. Peres aliniomba niende naye, nadhani kwa sababu alitumaini mtu mwenye digrii angefaa kitu.

Mzee Oyoo alitukaribisha kwenye kitanda ambacho hakijamalizika.

"Peres, ni kweli unaitupa bendera?"

"Bado sijaweza, mjomba."

"Lakini unajaribu."

"Ninajaribu."

Alipuliza vumbi la mbao kutoka kwenye randa yake. "Sikuambii ni dhambi. Hiyo ya bendi ni pazia, najua. Lakini mkono haujui pazia. Ukiufundisha kuachilia, utaachilia. Jumapili ya baada ya huo mchujo wenu ni ukumbusho wa kanisa wa kila mwaka, msafara unatoka mpaka barabara kubwa, na anayetangulia ni wewe. Nikuamini?"

Peres alikitazama kiganja chake. Mimi nikaona wakati wangu umefika. "Mzee," nikasema, "je, si kweli kwamba mtu anaweza kujua kushika na pia akajua kuachilia, kila jambo kwa wakati wake?"

"Binti yangu, wewe umewahi kushika nini?"

Nilifikiri kwa moyo mweupe kabisa. "Kalamu," nikasema.

Walicheka wote wawili, wakacheka mpaka mzee akajifuta machozi kwa mkono wenye vumbi. Ilikuwa mara pekee walipocheka siku hiyo. Baada ya hapo alituambia anangoja jibu kabla ya msafara wa Jumapili.

Wiki ile Peres hakuja bustanini. Alifanya kazi yake, akajibu salamu za Makau kwa neno moja, na wakati wa chakula aliketi kwenye ngazi za dharura bila kula. Nilidhani ameamua kuacha, na kusema kweli sehemu yangu moja ilifurahi kwamba sitamwona tena akichekwa. Siku ya Ijumaa nilimuuliza. "Nikirusha, naikosa ile ya mama," akasema. "Nisiporusha, nitashika ile ya mama miaka yote nikijiuliza. Sasa wewe nichagulie." Aliniona nikifungua kinywa. "Hapana, usinichagulie."

Jumapili nilikwenda Kangemi. Msafara ulikuwa umekwisha kujipanga mbele ya kanisa, ngoma zimeanza kupigwa taratibu. Peres alitoka ndani na bendera, nyeupe yenye msalaba mwekundu, akapita mahali pake pa mbele, akaenda hadi kwa mjomba wake na kumkabidhi kwa mikono miwili. Ngoma zikakosa pigo.

"Ishike wewe, mjomba," alisema, na wote tukasikia. "Isije ikanitoka mbele ya watu siku ya ukumbusho bila kutaka. Afadhali initoke leo nikitaka."

Mzee Oyoo aliupokea ufito. Ana magoti mabovu na hajatembea mbele ya msafara kwa miaka mingi. "Nitaishika mimi," akasema. "Mpaka ukumbusho. Baada ya mchujo uje, unionyeshe huo mkono. Sijakuahidi kitu." Akageuka, akaanza kutembea, na msafara mzima ulilazimika kwenda mwendo wa magoti yake.

Peres alikwenda nyuma, baada ya ngoma, mahali ambapo hajawahi kutembea tangu utotoni. Nilikuwa karibu naye. Aliimba pamoja na wengine. Lakini njia nzima, kutoka kanisani hadi sokoni na kurudi, mkono wake wa kulia ulikuwa mbele ya kifua chake, umefumbwa, haujashika kitu.

Jumatatu tulirudi bustanini. Moja, mbili, tatu: ikabaki mkononi. Tena: ikabaki. Mara ya nne bendera ya pazia ilipanda. Haikupanda vizuri. Ilikwenda upande, ikajikunja, ikaanguka kwenye nyasi mbele ya wapiga picha. Goti la Peres lilianza kukunjika. Niliona. Lilikwenda nusu ya njia na kusimama hapo, kama mtu aliyezuiliwa na mlango. Kisha akapiga hatua mbili akiwa bado ameinama, akaiokota, akaizungusha, akarudi kwenye mstari wake akiwa amelowa machozi.

"Hesabu," akaniambia. "Usiniangalie. Hesabu."

Jumanne alirusha mara kumi akashika mara mbili. Jumatano akashika nne. Mara moja ufito ulimpiga juu ya jicho, na Makau alimuuliza ni bwana gani huyo aliyempiga, amwendee. Leo, Alhamisi, ameshika tano katika kumi, na mbili kati ya hizo zilikuwa za bahati. Yeye mwenyewe amekiri. Goti bado hukunjika kidogo kila bendera inapoanguka. Anasema Kavutha ataliona. Mimi pia nafikiri ataliona.

Nilitaka kuandika hapa kwamba nimeikuta mopu yake imelala sakafuni, ingekuwa ishara nzuri. Sivyo. Nimepita sasa hivi karibu na lifti na iko pale pale kwenye kona, wima, mpini umepanguswa.

Mchujo ni Jumamosi, keshokutwa, saa mbili asubuhi. Amepewa nambari ishirini na tisa, kwa hiyo atangoja sana, na Sahar, aliye nambari thelathini, amemwahidi kumkopesha glavu moja, ya kushoto. Mkono wa kulia, anasema Peres, utakwenda mtupu. Nimepewa kazi ya kuleta pini za kubandikia nambari na kukaa mahali ambapo ataniona. Leo tulipokuwa tukipanda kurudi kazini alinipa maagizo ya mwisho.

"Usipige kelele. Usiniombee kwa sauti."

"Sawa."

"Na ikiwa juu, madam wa kujifunza, usifumbe macho. Nimekuona ukifumba."

Nimeahidi nitayaacha wazi.